Claudio Ranieri: beki wa Catanzaro aliyewaziba watu midomo

Wadau wa kandanda, likitajwa jina la Claudio Ranieri wengi wanakumbuka kitu kimoja tu: Leicester City, 2016. Sawa, lakini ukiishia hapo utadhani mzee aliokota embe dodo chini ya mwarobaini. Hebu tuirudie safari yake taratibu.

Ranieri alizaliwa jijini Roma mwaka 1951. Alianzia klabu ya AS Roma, ila namba ikawa ngumu. 1974 akaenda Catanzaro, timu ndogo ya kusini mwa Italia, akapiga beki miaka minane. Wakapanda Serie A 1976, wakashuka 1977, wakapanda tena 1978. Makombe hakuna! Huko ndiko alikojifunza soka la mnyonge: funga mlango kwanza, mengine baadaye.

Alipotundika daluga akaingia ukocha kwa mlango wa nyuma, timu za madaraja ya chini. Cagliari aliichukua 1988 ikiwa daraja la tatu. 1990 ikawa Serie A. Hapo ndipo watu wakaanza kumwangalia. Fiorentina akaipa Kombe la Italia 1996, Valencia Kombe la Mfalme 1999.

Chelsea akafika 2000. Waingereza wakamwita Tinkerman, yaani fundi wa kugusagusa, kwa vile alikuwa haachi kupangua kikosi. 2004 alishika nafasi ya pili na kufika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, lakini akafungashiwa virago. Akaja Mourinho, akabeba ubingwa msimu uliofuata akiwa na Lampard na Makelele, wote walioletwa enzi za Ranieri. Kupanda apande mwingine, kuvuna avune mwingine!

Mwaka 2014 mambo yakawa mabaya zaidi. Ugiriki ilimtimua baada ya mechi nne tu, ya mwisho ikiwa kufungwa 1-0 nyumbani na visiwa vya Faroe. Kwa hiyo Leicester walipompa kazi Julai 2015 watu walicheka. Kampuni za kamari ziliwapa ubingwa kwa 5,000 kwa 1.

Sasa angalia akili ya beki. Mechi tisa za mwanzo Leicester waliruhusu goli kila mechi. Mzee akawaahidi vijana piza siku nyavu zao zisipotikiswa. Mechi ya kumi wakaifunga Crystal Palace 1-0, piza ikaliwa. Baada ya Krismasi ushindi wa 1-0 ukawa ndio mtindo: mabeki wanabana nyuma, Kante ananyang'anya mpira, Mahrez na Vardy wanamaliza kazi kwa kaunta. Mwisho wa msimu pointi 81, Arsenal wa pili 71. Na ubingwa ulithibitika Mei 2 pale Chelsea ile ile iliyomfukuza ilipotoka sare 2-2 na Tottenham.

Miezi tisa baadaye, Februari 2017, Leicester wakamfukuza. Timu ilikuwa pointi moja tu juu ya mstari wa kushuka, hilo kweli. Lakini bingwa wa muujiza hata msimu mmoja hakuvumiliwa!

Mzee hakununa. Januari 2023, akiwa na miaka 71, alirudi Cagliari ikiwa Serie B, akaipandisha kwa goli la dakika za nyongeza ugenini Bari, na 2024 akaibakiza. Akasema basi. Novemba mwaka huo AS Roma wakamwita, timu iko nafasi ya 12. Hadi Mei 2025 ikawa ya tano, ndipo akaachia benchi.

Kwa hiyo tukipima makocha kwa idadi ya makombe tu, watu kama huyu tutawapunja. Kuna wanaoletwa nyumba ikiwa imejengwa, na kuna wanaoitwa paa likivuja. Ranieri kazi yake kubwa ilikuwa ya pili.

Je, Leicester walimwonea au biashara ndiyo ilivyo? Wadau, mnasemaje?