Msuli Ukibana: Mkono Kwanza, Ndizi Baadaye

Katika mbio za Kilimanjaro, zilizoanza mwaka 2003 mjini Moshi, wanaokimbia kilomita 42 hupita kwanza mjini na barabara kuu iendayo Dar es Salaam, kisha hupandisha kuelekea Mweka. Mgeni huogopa mlima. Aliyewahi kukimbia pale anajua kwamba balaa kubwa liko kwenye mteremko wa kurudi mjini, ambako paja linafanya kazi ya breki kila hatua. Hapo ndipo mtu aliyekuwa anakwenda vizuri husimama ghafla, akashika nyuma ya paja au kigimbi, mguu haukunjuki. Watazamaji hawakosi huruma. Huyu anakuja na ndizi, yule anamwaga maji ya baridi, mwingine anataka alambishwe chumvi, na hakosekani anayehimiza apakwe dawa ya kuchua.

Ushauri wote huo una asili yake, na baadhi yake una ukweli ndani yake. Tatizo ni mpangilio. Aliyebanwa sasa hivi ana dawa moja ya kutangulia zote, nayo haiko dukani wala jikoni: msuli unyooshwe.

Kikibana kigimbi, kaa chini, nyoosha goti, kisha shika vidole vya mguu uvivute taratibu vikuelekee. Ukifika pale unapohisi msuli umevutika bila kuumia zaidi, tulia hapo, hesabu pole pole mpaka thelathini, achia, rudia. Mkono usipofika, pitisha kanga au taulo kwenye wayo na uvute ncha zote mbili. Ikibana nyuma ya paja, lala chali, mwenzako auinue mguu ukiwa umenyooka na ausukume kidogo kidogo kuelekea kifuani. Paja la mbele linataka kinyume chake: shika ukuta, kunja goti, vuta kisigino kielekee makalioni. Mashabiki wa mpira wameliona hili mara nyingi katika dakika za nyongeza, pale mchezaji anapomwinua mguu hata mpinzani wake na kumsukuma wayo. Yule mchezaji anafanya jambo sahihi kabisa. Kosa ni kuvuta kwa kishindo, kuupigapiga msuli kwa ngumi, au kumlazimisha mtu asimame atembee kabla msuli haujaachia.

Sababu ya kunyoosha kufanya kazi inaeleza pia kwa nini misuli inabana. Mahali msuli unapoungana na kano kuna vipokezi vidogo vinavyopima mvuto. Kano ikivutwa, vipokezi hivyo hupeleka taarifa kwenye uti wa mgongo, na amri ya kulegea hurudi kwenye msuli. Katikati ya msuli wenyewe kuna vipokezi vingine vyenye kazi ya kuuhimiza ukaze. Mwili ukiwa na nguvu zake, pande hizi mbili zinapatana. Uchovu ukizidi, upande wa kuhimiza unashika hatamu, upande wa kulegeza unanyong'onyea, na msuli unapokea amri ya kukaza isiyokatika. Haya ndiyo maelezo aliyoyatoa daktari wa michezo Martin Schwellnus wa Cape Town mwaka 1997. Mwaka 2011 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya kuwapima wanamichezo 210 wa mashindano marefu ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia nchini Afrika Kusini. Waliobanwa na misuli hawakuwa wamepoteza maji au chumvi kuliko wenzao. Walikuwa wamekwenda kwa kasi zaidi, na wengi walikuwa watu ambao tatizo hilo liliwahi kuwapata.

Watanzania wana ushahidi wao wa jambo hili. Tunamkumbuka mkimbiaji John Stephen Akhwari kwa goti lililofungwa bendeji katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico mwaka 1968. Wachache wanakumbuka kwamba misuli ilikuwa imeanza kumbana kabla hajaanguka, katika mji ulio zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Alimaliza wa 57, nyuma ya wote waliofika, na heshima yake haijapungua. Msuli hubana pale mwili unapodaiwa kazi kuliko ile uliyoizoea, hata kama ni mwili wa bingwa.

Hata hivyo wanaosema chumvi wasidharauliwe. Katika miaka ya 1920 watafiti wa Uingereza walichunguza wachimbaji wa makaa ya mawe waliokuwa wakikakamaa misuli wakiwa chini ya ardhi katika joto kali. Wachimbaji hao walikuwa wakitoka jasho jingi na kunywa maji matupu kwa wingi. Walipotiliwa chumvi kidogo kwenye maji, hali yao ilipata nafuu. Miaka ya 1930 watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard waliyaona hayo hayo kwa vibarua waliojenga bwawa la Hoover katika jangwa la Marekani. Kwa hiyo mtu aliyekimbia au kucheza saa nyingi juani, fulana ikakauka na kubaki na alama nyeupe za chumvi mgongoni, ana haki ya kuidai chumvi yake. Lita moja ya jasho hubeba kama gramu moja ya sodiamu, wengine pungufu, wengine karibu mara mbili yake.

Hapa ndipo napenda kuyazungumzia madafu, kwa sababu ndiyo dawa ya kwanza ya watu wa pwani na kila Jumapili asubuhi mikokoteni yake inasubiri vikundi vya jogging barabarani Dar es Salaam. Dafu ni kinywaji kizuri. Lina maji, lina sukari ya kiasi, na lina potasiamu tele, kama miligramu 600 kwa glasi moja. Sodiamu yake ni kidogo sana, na sodiamu ndiyo inayotoka kwa wingi kwenye jasho. Ukilinywa peke yake umerudisha maji na sehemu ndogo tu ya ulichopoteza. Ukilinywa pamoja na muhogo wa kuchoma uliotiwa chumvi, ndimu na pilipili, kama wanavyofanya watu pale Coco Beach, umejaza pengo hilo bila kwenda duka la dawa. Sidhani kuna mlo bora kwa aliyetoka kukimbia kwenye joto la Dar es Salaam, na ni wa bei ambayo wengi wanaimudu.

Asiye na dafu ana jiko lake. Lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote viwe sawa bila kilima, ni mchanganyiko ule ule ambao akina mama wamefundishwa kliniki kwa ajili ya mtoto anayeharisha. Kamulia ndimu upate ladha. Mwenye presha ya kupanda au ugonjwa wa figo asiuzoee bila kuzungumza na daktari wake. Na mtu asikimbilie kunywa maji matupu chupa juu ya chupa akiamini anaikinga misuli. Katika mbio za Boston za mwaka 2002 wakimbiaji 488 walipimwa damu baada ya kumaliza, na asilimia 13 yao walikuwa na sodiamu iliyoshuka kupita kiasi. Walioongezeka uzito njiani, yaani waliokunywa kuliko walivyotoka jasho, ndio waliokuwa hatarini zaidi. Hali hiyo huvimbisha ubongo na inaweza kuua. Kunywa kwa kadiri ya kiu.

Ipo dawa nyingine ya jikoni ambayo wengi hawaitilii maanani: maji ya achari. Mwaka 2010 mtafiti Kevin Miller na wenzake huko Marekani waliwasababishia vijana mkazo wa msuli wa kidole gumba cha mguu kwa umeme mdogo, halafu wakawanywesha maji ya matango yaliyohifadhiwa kwa siki na chumvi. Mkazo uliisha kwa wastani wa sekunde 85. Kwa waliokunywa maji matupu ulichukua sekunde 134. Damu ilipopimwa haikuwa na badiliko lolote la maana, na muda ule haukutosha kinywaji kufika kwenye msuli. Maelezo yanayokubalika ni kwamba ukali wa siki unagusa neva za kooni, nazo zinatuma ujumbe unaotuliza ile amri ya kukaza. Kiasi walichopewa kilikuwa mililita moja kwa kila kilo ya uzito wa mwili, yaani mtu wa kilo 70 hahitaji zaidi ya kikombe kimoja kidogo cha kahawa, kile cha wauza kahawa chungu wa barabarani. Achari ya ndimu au ya embe iliyotiwa siki ina ukali huo huo, na ninaona inafaa kujaribiwa huku mguu ukiendelea kunyooshwa. Mwenye vidonda vya tumbo aiache.

Sasa ndizi. Inabebwa na kila mkimbiaji na ndiyo inayosifiwa kuliko zote, lakini haiwezi kulegeza msuli uliokwisha kubana. Miller huyo huyo aliwalisha watu ndizi baada ya mazoezi akapima damu yao: potasiamu ilipanda kidogo sana, tena baada ya nusu saa na zaidi. Kufikia hapo mkazo umekwisha wenyewe. Kula ndizi kwa sababu ni chakula, inarudisha nguvu, na tumbo linaipokea vizuri. Vidonge vya magnesiamu navyo vimesifiwa bure; mapitio ya tafiti nyingi hayakuona nafuu ya maana kwa wazee wanaokazwa misuli usiku, na kwa wanamichezo hakuna ushahidi wa kumfanya mtu atoe fedha zake.

Kuhusu kwinini, niseme bila kuzunguka. Kuna familia zenye mabaki ya vidonge vya kwinini kabatini tangu vilipotumika kutibu malaria, na habari kwamba vinazuia misuli kukaza si za uongo mtupu. Lakini kwinini inaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kushusha chembe zinazogandisha damu hadi mtu akatokwa damu hovyo. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilizuia isiuzwe kiholela kwa ajili ya misuli mwaka 1994, na mwaka 2006 ikaonya tena kwa ukali. Maumivu ya dakika mbili hayastahili hatari hiyo.

Kuchua ni kuzuri, ila kuna wakati wake. Msuli ukishaachia, mikono yenye mafuta ya nazi, ikisugua kutoka kifundo cha mguu kwenda juu, inaleta faraja na kuondoa ugumu unaobaki. Mafuta ya karafuu, fahari ya Pemba, yanapasha ngozi joto na kupunguza maumivu, lakini yakipakwa yenyewe yanaunguza. Matone machache katika kijiko cha mafuta ya nazi yanatosha. Kitambaa cha maji moto kinafaa kwa msuli uliobaki umekaza. Usikipake dawa ya kuchua kigimbi halafu ukakifunika kwa kitambaa cha moto, ngozi itababuka.

Maumivu yanayokuja kesho yake na kuzidi siku ya pili, ukashindwa kushuka ngazi au kuchuchumaa, ni jambo jingine. Hayo yanatokana na nyuzi za msuli kupata michubuko midogo, hasa kwa kazi ya breki kama ile ya mteremko wa Mweka. Mengi yamesemwa kuhusu asidi inayoganda miguuni, ila asidi hiyo huwa imesafishwa na mwili ndani ya saa moja hivi. Tembea taratibu, oga maji ya uvuguvugu, lala vya kutosha, kula chakula chenye maharage, dagaa au mayai. Yataondoka.

Yapo yasiyofaa kutibiwa nyumbani. Kigimbi kimoja kikivimba, kikawa na joto na kuuma siku nzima, usikichue hata kidogo, kwa kuwa huenda damu imeganda ndani ya mshipa na kuchua kunaweza kuling'oa bonge hilo likaenda kwenye mapafu. Mkojo ukiwa na rangi ya soda nyeusi baada ya mazoezi mazito, huenda nyuzi za msuli zimevunjika na figo ziko hatarini. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Mwenye sikoseli anayeumwa mikono, miguu na mgongo baada ya mazoezi asiambiwe ni misuli tu. Na anayekazwa misuli usiku mara kwa mara bila mazoezi yoyote apimwe sukari na figo, na amwonyeshe daktari dawa anazotumia, hasa za presha zinazokojoza.

Kinga inajulikana na haina njia ya mkato. Ongeza kilomita kidogo kidogo, kama mbio zako zina mteremko fanya mazoezi ya kuteremka, na usianze kwa kasi ambayo hujawahi kuihimili. Wengi wanaobanwa Moshi wamefanyia mazoezi kwenye barabara tambarare za Dar es Salaam, kisha siku ya mbio wamekwenda na kasi ya mwenzao.

Ombi langu ni kwa viongozi wa vikundi vya jogging. Jumapili hii, kabla ya fulana kubadilishwa na supu kuagizwa, wapangeni wanachama wawili wawili, kila mmoja ajifunze kumnyoosha mwenzake kigimbi, nyuma ya paja na paja la mbele. Ni kazi ya dakika kumi, na siku mtu atakapoanguka barabarani, awepo anayejua mkono wake uanzie wapi.