Sheria Ipo, Sigara Moja Moja Bado Zauzwa

Tangu mwaka 2007 Kenya ina Sheria ya Kudhibiti Tumbaku. Ni marufuku kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18, wala pakiti haifunguliwi ili ziuzwe moja moja. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilitupilia mbali rufaa ya kampuni ya sigara iliyozipinga kanuni za sheria hiyo. Basi upungufu hauko katika maandishi.

Uko wapi? Sigara moja humpa mwenye duka faida ya haraka, na mtoto huimudu kwa pesa zake za maandazi. Afisa wa afya naye hawezi kusimama katika kila kichochoro.

Sisi wanakamati tulikuwa tukiilaumu serikali, hadi mwalimu wa madrasa alipomkuta mwanafunzi na sigara aliyoinunua katika duka la wakfu wa msikiti wetu wenyewe. Kodi ya duka hilo ndiyo inayomlipa mwalimu huyo mshahara.

Kikao kilikuwa kizito. Mwishowe tuliafikiana kuwa mkataba mpya hautaruhusu tumbaku. Mpangaji aliomba apunguziwe kodi, tukakubali. Pengo la mshahara tunalichangia wenyewe.

Ndugu wazazi, mwili ni amana. Mtoto hujifunza njia ya dukani kwa kutumwa. Atakayemtuma mwanawe leo usiku amletee sigara, atakuwa amechangia kuvunjwa kwa sheria hii kabla ya mwenye duka.