Fundi umeme chipukizi wa Likasi: mafunzo, kazi na usalama

Umeme wa Likasi, mji wa Kongo, haukuletwa kwa ajili ya taa za nyumbani. Uliletwa kwa ajili ya shaba. Kampuni ya madini ya Union Minière ilijenga kituo cha Mwadingusha kwenye mto Lufira, kikaanza kufua umeme mwaka 1930 ili kulisha viwanda kama cha Shituru. Baadaye kikaja kituo cha Koni kwenye mto huohuo, kisha Nzilo na Nseke kwenye Lualaba, na katika miaka ya 1950 reli ya kwenda Tenke ikatandaziwa juu yake waya wa umeme. Siku hizi viwanda vya zamani viko mikononi mwa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na usambazaji wa umeme ni kazi ya SNEL, shirika lililoundwa mwaka 1970. Ndiyo maana kijana anayejifunza ufundi umeme hapa hukutana mapema na mambo ambayo wenzake wa miji mingine huyaona vitabuni tu: mota kubwa za kiwandani, kabini za kupunguza nguvu ya umeme, matangi ya kusafishia shaba.

Njia ya kuingia katika kazi hii si moja. Iliyonyooka ni ya shule: baada ya miaka 8 ya elimu ya msingi, mwanafunzi huchukua miaka 4 ya ufundi katika chaguo la umeme, kisha hufanya mtihani wa serikali, Exetat. Mwenye diploma anaweza kuendelea ISPT ya Likasi, taasisi ya juu ya ualimu na ufundi, au kwenda kusomea uhandisi Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Wengi zaidi hupitia karakana. Kijana hujiunga na fundi mzee, hubeba ngazi na kuchimba mifereji ya kebo ukutani, na baada ya muda huachiwa kufunga prizi peke yake. Katikati ya njia hizo ipo INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya kazi iliyoanzishwa mwaka 1964, inayopokea wenye diploma na wasio nayo.

Kila njia ina pengo lake. Aliyetoka shule huweza kuchora mzunguko wa mota bila kosa ilhali hajawahi kufungua mota iliyoungua. Wa karakana ana mkono mwepesi, lakini mara nyingi hajafundishwa kupiga hesabu, na hesabu ndiyo inayozuia moto. Ichukuliwe nyumba ya kawaida yenye reshu (majiko ya umeme) mbili za wati 2,000 kila moja na pasi ya wati 1,200. Kwa volti 220, reshu moja huvuta ampea 9 hivi. Vyote vitatu vikiwashwa kwenye laini moja, huvuta zaidi ya ampea 23. Ikiwa laini hiyo ni kebo ya milimita 1.5 za mraba, ambayo kwa kawaida ni ya taa, disjonkta (swichi inayojikata yenyewe) ya ampea 10 itakata, na ni haki yake kukata. Mwenye nyumba hulalamika, na fundi asiyejua hesabu huweka disjonkta ya ampea 32. Umeme haukatiki tena. Kinachopata joto sasa ni kebo yenyewe, ndani ya ukuta au juu ya dari, mpaka plastiki inayeyuka. Kufunga upya prizi kwa kebo ya milimita 2.5 za mraba, na kuipa kila reshu laini yake, ni gharama ndogo kuliko nyumba.

Kazi zenyewe zipo za namna nyingi. Wapo wanaotandika nyaya majumbani, wanaosuka upya koili za mota, wanaofunga paneli za jua na betri, na wanaopanda nguzo. Viwandani na migodini, kazi kubwa ni matengenezo: kupima, kubaini hitilafu, kuelewa vidhibiti vya mashine. Tena, sheria ya Februari 2017 kuhusu kandarasi ndogo inazitengea kampuni za Wakongo kandarasi hizo, hivyo mafundi wachache wenye karatasi halali wanaweza kuungana na kusajili kampuni yao wenyewe.

Usalama ungefaa kufundishwa siku ya kwanza, kabla ya koleo na bisibisi, maana umeme hauna harufu wala sauti ya kumwonya mtu. Milliampea 10 hivi zinaweza kukaza misuli ya mkono hata mtu ashindwe kuuachia waya. Zikizidi 30, moyo uko hatarini, na ndiyo maana disjonkta ya kulinda watu hukata kwenye kiwango hicho. Ngozi iliyolowa huupitisha umeme kwa urahisi zaidi.

Kanuni ya kufanya kazi bila umeme ina hatua zake, na haifai kuruka hata moja. Kwanza ni kutenganisha mahali pa kazi na kila chanzo. Pili, kufunga swichi kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwa yule anayefanya kazi. Tatu, kupima kwa testa iliyojaribiwa kwanza kwenye waya wenye umeme, kisha ijaribiwe tena baada ya kupima, kwani testa mbovu husema uongo. Kwenye laini kubwa huongezwa kuziunganisha nyaya na kuzipeleka ardhini, halafu kuzungushia alama.

Hatua ya kutenganisha ndiyo inayosahaulika zaidi katika mji wenye kukatwa umeme mara kwa mara. SNEL ikikata, kijana huona taa zimezimika na kushika waya. Lakini umeme unaweza kurudi dakika yoyote, au jirani akawasha jenereta iliyochomekwa kwenye prizi bila swichi ya kubadilishia, na umeme wake ukarudi nyuma hadi kwenye nguzo. Aliyeko juu ya nguzo hana habari.

Waya ulioanguka haushikwi kamwe. Tarehe 2 Februari 2022, waya wa umeme mkubwa ulianguka kwenye soko la Matadi-Kibala, Kinshasa, baada ya mvua, ukaua watu 26. Aliye karibu na waya kama huo aondoke kwa kuburuta miguu, nyayo zikiwa pamoja, kwa kuwa ardhi yenyewe imebeba umeme.

Mtu akinaswa na umeme wa nyumbani, swichi kuu izimwe kwanza. Isipofikika, asukumwe kwa mti mkavu, mwokoaji akiwa amesimama pakavu. Ikiwa hapumui, kifua chake kikandamizwe katikati kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na anayejua ampe pumzi 2 kila baada ya mikandamizo 30, bila kuacha mpaka msaada ufike. Hata akisimama na kusema yuko mzima, apelekwe hospitali akapimwe moyo.