MATUMIZI YA MALI YA UMMA KATIKA MIKATABA YA UBIA: MFANO WA RELI YA TAZARA MAKAMBAKO

Watumishi wa umma na wananchi wanafahamishwa kwamba mali ya umma inapokabidhiwa mwekezaji kwa mkataba wa ubia, kinachotolewa ni haki ya kuitumia kwa muda maalumu. Umiliki hubaki kwa umma. Kwa Tanzania Bara, utaratibu wa ubia umewekwa na Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi ya mwaka 2010.

Mfano ulio karibu na wakazi wa Mkoa wa Njombe ni reli ya TAZARA, inayopita Makambako. Reli hiyo ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi New Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975 kwa mkopo wa China usio na riba. Ni mali ya Tanzania na Zambia.

Septemba 2025, Serikali hizo mbili zilitiliana saini mkataba wa miaka 30 na kampuni ya CCECC ya China, wenye uwekezaji wa Dola za Marekani bilioni 1.4, ili kampuni hiyo iikarabati na kuiendesha reli. Ingawa CCECC ni kampuni ya dola la China, katika mkataba huo ni mwekezaji anayetarajia kurejesha fedha zake kutokana na biashara ya usafirishaji.

Umuhimu wa kutenganisha umiliki na uendeshaji ulionekana katika Reli ya Kati. Mwaka 2007 uendeshaji wake ulikabidhiwa Kampuni ya Reli Tanzania (TRL), ambamo RITES ya India ilikuwa na hisa asilimia 51 na Serikali 49, kwa miaka 25. Njia ya reli yenyewe ilibaki chini ya RAHCO, kampuni ya Serikali. Ubia huo ulivunjika kabla ya kutimiza miaka mitano. Serikali ilirudishiwa uendeshaji, lakini haikulazimika kuikomboa njia, kwa kuwa haikuwa imeitoa.

Kwa sababu hiyo, mambo yafuatayo yazingatiwe katika ubia wowote:

(a) Mali yote iorodheshwe kabla ya makabidhiano: njia, mataruma, madaraja, stesheni, karakana, mabehewa na ardhi, pamoja na hali ya kila kimoja. Kisichoandikwa siku ya kukabidhi ni vigumu kudaiwa siku ya kurejeshewa.

(b) Mkataba utaje wajibu wa matengenezo, mgawanyo wa mapato na hasara, na hali ambayo mali itarejeshwa.

(c) Ukaguzi ufanyike katika muda wote wa mkataba, usingoje mwaka wa mwisho.

Wananchi nao wanakumbushwa kwamba ujio wa mwekezaji haubatilishi mipaka ya hifadhi ya reli. Ardhi hiyo haijauzwa, wala haikuachwa wazi kwa ajili ya kujengwa au kulimwa. Mtoto anayezaliwa Makambako leo atakuwa mtu mzima mkataba wa TAZARA utakapofikia ukomo, na reli atakayoikuta itategemea kumbukumbu zinazotunzwa sasa.