CHANJO YA HOMA YA MAFUA KWA WANAFUNZI WA UDAKTARI

Wananchi na watumishi wa Serikali wanakumbushwa kwamba homa ya mafua si mafua ya kawaida. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watu kati ya 290,000 na 650,000 hufariki duniani kwa maradhi ya pumzi yatokanayo na homa hiyo. Mwaka 2012 Shirika liliwaweka wahudumu wa afya katika makundi ya kutangulizwa kuchanjwa, pamoja na waja wazito, watoto wadogo, wazee na wenye maradhi sugu.

Mwanafunzi wa udaktari anayejifunza kazi wodini naye ni mhudumu. Tuchukue mfano wa Morogoro. Mzee mwenye maradhi ya kifua huteremshwa kutoka Mgeta au Matombo, katika Milima ya Uluguru, hadi hospitali mjini. Mwenye homa ya mafua huweza kuwaambukiza wengine siku moja kabla hajajihisi mgonjwa. Hivyo basi, kijana mwenye afya njema aweza kumpelekea mzee huyo maradhi yatakayomwua.

Pamoja na elimu yao, wapo wanafunzi wanaosita. Husema kuwa chanjo yenyewe huleta homa. Sivyo: chanjo ya sindano hutengenezwa kwa virusi vilivyouliwa au vipande vyake, navyo haviwezi kuambukiza. Maumivu ya mkono na uchovu wa siku moja au mbili ni dalili kwamba mwili unajifunza kujikinga. Wengine husema haikingi kikamilifu. Hilo ni kweli: katika miaka ambayo chanjo inalingana vyema na virusi vilivyoenea, hupunguza ugonjwa kwa asilimia 40 hadi 60. Aidha, virusi hubadilika, ndiyo maana chanjo hurudiwa kila mwaka. Tena haimo katika ratiba ya kawaida ya chanjo za Taifa, hivyo wengi hukwazwa na gharama.

Watu hufuata wanachokiona. Ndiyo sababu tarehe 28 Julai 2021 Mheshimiwa Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani dhidi ya UVIKO-19. Daktari anayesita leo, kesho atawajibu nini akina mama watakaomwuliza?

Wazazi wenye vijana wanaosomea udaktari, Visiwani na Bara, wanaombwa kuwahimiza waulizie chanjo hii kabla ya kuingia wodini. Wahenga walisema mganga hajigangi. Lakini mwenziwe aweza kumchanja.