Uvira: Mji Uliokaa Kwenye Njia ya Maji

Tarehe 16 na 17 Aprili 2020, mvua kubwa ilinyesha kwenye milima ya Mitumba, na mto Mulongwe ukashuka hadi mjini Uvira, mashariki mwa Kongo, ukibeba mawe, matope na magogo. Makumi ya watu walipoteza maisha, maelfu ya nyumba zikabomoka, na watu wapatao 80,000 wakaathirika. Mitambo ya Regideso, shirika la maji, nayo iliharibika. Lawama nyingi ziliangukia mvua, na ni kweli ilikuwa kubwa. Ila mvua hiyohiyo ingenyesha juu ya bonde lisilo na makazi, pasingekuwa na msiba wa kusimulia. Historia ya ukingo huu wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika inaonyesha kwamba maji hurudi mara kwa mara kwenye ardhi yaliyoitengeneza yenyewe, na kwamba kinachogeuza marejeo hayo kuwa maafa ni namna tunavyogawa parseli.

Uvira imebanwa kati ya ziwa, lililo zaidi ya meta 770 juu ya usawa wa bahari, na milima ambayo upande wa magharibi inapita meta 3,000. Mulongwe, Kalimabenge na Kavimvira huteremka kimo hicho katika mwendo mfupi. Mto ukiwa mlimani una nguvu ya kusukuma hata majabali. Ukifika tambarare kasi yake hupungua, nao hutua mzigo wake hapo. Msimu baada ya msimu sakafu ya mto hujaa mawe na mchanga, hadi siku mto unapokuta pembeni ni chini kuliko njia yake, ukahama. Tambarare ambayo mji umekalia ilipatikana hivyo, furiko moja baada ya jingine. Umbo hilohilo linaonekana kwingineko Kivu Kusini. Tarehe 4 Mei 2023, siku ya soko, maporomoko yalifunika Nyamukubi na Bushushu huko Kalehe, kando ya Ziwa Kivu, na kuua zaidi ya watu 400. Mei 2025 ikawa zamu ya Kasaba, kijiji cha Fizi kandokando ya Tanganyika, ambako serikali ilitangaza vifo zaidi ya 100. Mahali patatu, sura moja: mlima mkali, mto mfupi, na nyumba zilizosongamana mdomoni mwa mto.

Ziwa nalo lina kumbukumbu zake. Tanganyika lina mlango mmoja tu wa kutolea maji, mto Lukuga huko Kalemie, na sehemu kubwa ya maji yake hupotea kwa kukauka juani. Kwa hiyo mvua ikizidi kwa miaka michache, ziwa hupanda na huchelewa kushuka. Msafiri Mwingereza Cameron alipofika Lukuga mwaka 1874 aliukuta umezibwa na majani na udongo. Miaka michache baadaye kizuizi hicho kilivunjika, na ziwa, ambalo mnamo 1878 lilikuwa kwenye kilele chake, likashuka kwa takriban meta 10. Ndiyo sababu mnara wa Ujiji unaoonyesha Stanley alipokutana na Livingstone mwaka 1871 leo uko mbali na maji. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zililipandisha tena, likafika juu sana mwaka 1964. Kisha likaja wimbi la 2020 na 2021, na lile la 2024, yaliyozamisha nyumba za ukingoni Uvira na ng'ambo, Gatumba na Bujumbura. Anayejenga leo meta chache tu juu ya usawa wa maji anajenga mahali ambapo mababu wa mababu zake wangepita kwa mtumbwi.

Wapo watakaosema kwamba haya yote ni mabadiliko ya tabianchi, na kwamba mzigo ni wa mataifa yenye viwanda. Hoja hiyo ina uzito. Mwishoni mwa 2019 upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ulipata joto kupita kawaida, na Afrika Mashariki yote ikalowa. Hata hivyo 1878 na 1964 zinatuambia kwamba ziwa lilikuwa likipanda kabla ya hewa kubadilika kiasi hiki. Joto la dunia linaweza kuzifupisha nafasi kati ya furiko na furiko. Halikuchora ramani ya kartie zetu. Tena meya wa Uvira hana uwezo wa kuipoza bahari, lakini ofisi ya ardhi ina uwezo wa kukataa kutoa hati ya parseli kwenye ukingo wa Mulongwe.

Pingamizi zito zaidi ni hili: watu waende wapi? Vita vimewashusha wengi kutoka nyanda za juu za Itombwe na kuwatoa katika bonde la Ruzizi, na masikini hupata kiwanja pale ambapo mwenye nazo hapataki. Kuwafukuza bila kuwapa mahali pengine ni kuwahamishia janga. Lakini pingamizi hilo linamhusu aliyenunua; halimsafishi aliyeuza akijua. Sheria peke yake nayo haitoshi: Burundi imetenga meta 150 kutoka ukingo wa ziwa, na bado majengo ya Bujumbura yamesimama ndani ya eneo hilo. Wengine hutegemea kuta za mawe mtoni au kuchimbua Lukuga. Kuta husaidia, ila mchanga usipoondolewa kila mwaka, sakafu ya mto huinuka hadi zikawa fupi. Na Lukuga ikipanuliwa bila hesabu, miaka ya ukame italeta kilio kingine bandarini Kigoma na Kalemie, ambako kupungua kwa maji kumewahi kuwa tatizo.

Gharama ya kuchelewa haiishii siku ya mafuriko. Utafiti uliotumia takwimu za Uvira za 2009 hadi 2014 uligundua kwamba siku moja bila maji ya bomba ilifuatwa, ndani ya siku 12, na ongezeko la zaidi ya maradufu la wagonjwa waliolazwa wakishukiwa kuwa na kipindupindu. Mto ukivunja mitambo ya maji, basi, huendelea kuumiza hata baada ya matope kukauka. Hatua za kwanza hazihitaji mabilioni: kuweka alama barabarani zinazoonyesha maji yalifika wapi mwaka 1964, 2020 na 2024, kusimamisha parseli mpya chini ya alama hizo, kuwapa waliomo viwanja halisi kabla ya kuwahamisha, kuilinda mitambo ya Regideso, na kuwaunganisha kwa simu na redio wakazi wa mlimani wanaoiona mvua kwanza na wale wa mdomoni mwa mto. Mvua itanyesha tena. Idadi ya watakaokufa itategemea kwa sehemu kubwa mihuri inayogongwa wakati wa kiangazi.