Vifaranga wa Samaki, Kidimbwi na Kichocho

Mgonjwa mmoja anayefuga ngege huko Migori aliniuliza kama anaweza kutia kidimbwini vidonge vya kichocho alivyobakiza, kwa sababu samaki wake walikuwa wakijisugua na kufa. Nilimjibu la. Vidonge hivyo, prazikwanteli, hupimwa kwa uzito wa mgonjwa. Aliyebakiza hakumaliza dozi, na huenda bado anaumwa. Samaki nao hushambuliwa na vimelea vingi ambavyo dawa hiyo haiviui. Muulize afisa wa uvuvi.

Kinga ni bora. Vifaranga wapya watenge katika tangi la peke yao kwa wiki 2 hadi 3, ukiwachunguza kila siku. Wavu wa tangi hilo usitumike kidimbwini. Maji waliyosafiri nayo yamwage nchi kavu, mbali na kidimbwi, kwani yanaweza kuwa na konokono wadogo.

Konokono hao ndio hatari kwako. Baadhi yao hutunza viluwiluwi vya kichocho, ambavyo hutoka majini na kupenya ngozi ya binadamu. Kula samaki aliyepikwa hakuleti kichocho. Kuingia majini miguu mitupu ndiko huleta. Kwa hiyo fyeka majani ya ukingoni, vaa buti, na mtu yeyote asiende haja karibu na kidimbwi.

Wakazi wa Homa Bay na Migori, mkiona damu katika choo au mkojo, nendeni hospitali mkapimwe. Mkipewa vidonge, vimezeni vyote.